Siku Nilipokupima, Baba Mkwe

Baba,

Shikamoo.

Nimeandika neno hilo moja, nikaweka kalamu chini, nikaenda kuangalia maharage jikoni, kisha nikarudi. Miaka ishirini na nne niliishi kwenye kaya yako nikiwa mke wa mwanao Ambakisye. Nimekupikia, nimekufulia, nimekuzalia wajukuu wanne, wote wana afya na wote wamesoma, na miaka yote hiyo sikuwahi kukuamkia kwa mdomo wangu. Salamu zangu ulizipata kwa kupitia watu. "Mwambieni baba, mkwe wake anamwamkia." Na wewe umekaa palepale, umenisikia vizuri kabisa, unawajibu wao: "Mwambieni marahaba."

Kwa hiyo leo ndiyo mara ya kwanza. Nimefikiri nikaona barua haina ubaya. Barua haina uso, wala haisimami njiani mtu akashindwa kupita. Halafu mwandiko wangu sifa zake ulizisikia. Mwalimu wetu wa darasa la saba alikuwa anachukua daftari langu anawaonyesha wenzangu. Najua ungesema, huyu mwanamke ameanza kujisifu. Ndiyo, najisifu. Nikinyamaza atanisifu nani, wifi yangu Subilaga?

Nianze na habari za nyumbani. Mvua zimepita mara mbili tangu tukuzike. Nyumba yako imesimama, bati halijavuja hata tone. Kinyungu chako, lile shamba dogo la bondeni mtoni, analima Ambakisye, na mwaka huu maharage yamekubali mpaka majirani wakipita wanapunguza mwendo ili wayatazame. Mbegu nilichagua mimi, punje kwa punje. Binti yako Subilaga yuko salama, mdomo wake ni uleule. Njia ya Itumba imechongwa upya, vibasi vinafika mpaka kwenye mteremko wa shule kama mvua haijanyesha. Na mtoni inzi bado wapo, hao hawaondoki, lakini watu hawajikuni tena. Unakumbuka magunzi ya mahindi tuliyokuwa tunayaweka kila pembe ya nyumba kwa ajili ya kujikunia? Sasa ni ya kuwashia moto tu. Watoto wa siku hizi ukiwaambia bibi zao walikuwa wanajikuna kwa gunzi mpaka damu, wanadhani unawatania.

Lakini habari kubwa ni ya Lusekelo. Mjukuu wako wa kwanza anaendesha lori. Siyo canter, Baba, lori lenyewe, lenye tela nyuma, linavuka pale Tunduma linaingia Zambia linapotelea huko siku kumi. Alipoomba leseni ya magari makubwa walimpeleka Mbeya kupimwa macho. Wakamsimamisha mbali, ukutani kuna ubao wa herufi, za juu kubwa na za chini zinapungua mpaka zinakuwa kama chawa. Akazisoma zote, mpaka chawa wenyewe. Daktari akamuuliza, "Wewe umezaliwa wapi?" Akasema Ileje, kandokando ya mto. Daktari akashangaa: "Mtoto wa mtoni mwenye macho haya?" Lusekelo akamjibu, "Mama yangu ndiye mgawa dawa."

Aliponihadithia hivyo nilikaa chini. Nikamwambia anihadithie tena tangu mwanzo.

Nimekwenda Tunduma mara tatu kumwona. Alinipandisha kwenye kiti cha lori, nikaona mapaa ya maduka yote ya mpakani, na wanawake wenye vitenge vya Zambia wananipungia mkono kama mimi ni mke wa mkuu wa wilaya. Nami nikawapungia.

Ameoa huko huko. Mkewe anaitwa Neema, kazaliwa Tunduma, wazazi wake watu wa Iringa waliokuja kwa biashara. Msichana mzuri, mchapakazi, anajua kuchagua mchele wa Kamsamba kwa kuunusa tu. Sasa yuko hapa kwetu, mume akiwa safarini. Siku ya kwanza alipoletwa alikutana na Ambakisye njiani. Mwanao akakohoa, kama ulivyokuwa ukikohoa wewe, ili mkwe ajue na apishe. Neema akadhani mzee ana kifua. Akamfuata na mkono ameunyoosha: "Shikamoo baba, pole sana, umepata dawa?" Ambakisye aliruka. Na umri ule aliruka, akatua katikati ya maharage yangu. Nilicheka mpaka nikashika mti wa ua.

Jioni ile nikamweleza. Nikamwambia, kwetu mkwe akisikia baba mkwe anakuja anatoka njiani, anachuchumaa kwenye majani, anajifunika kanga mpaka apite. Hamtazamani. Hamtajani majina. Hampeani kitu mkononi. Akaniuliza, "Sasa kama nina mzigo wa kuni?" Nikasema unachuchumaa na kuni zako. Akafikiri, halafu akaniuliza swali ambalo ndilo limenifanya nichukue kalamu.

"Kwa hiyo mama, wewe baba mkwe wako hukuwahi kumwona uso?"

Nikamwambia, nilimwona mara moja.

Baba, mimi nilikujua kwa miguu. Nilijua viatu vyako vya raba ya gurudumu, nilijua shati lako kwa sababu nililifua, nilijua harufu ya unga wa mbao uliokuwa unaacha nyuma yako kila ulipopita. Ulikuwa mpasua mbao, na shimo lako la kupasulia lilikuwa kandokando ya mto, mtu mmoja juu ya gogo, mmoja chini shimoni, msumeno unakwenda na kurudi. Ambakisye ndiye aliyekuwa wa chini, anarudi nyumbani na unga kwenye nyusi. Anasema hukuwahi kuweka msumeno kwenye gogo ambalo hujalipigia uzi, ule uzi mliokuwa mnaupaka unga mweusi wa betri kuukuu, mnauvuta na kuuachia, unachora mstari. Hata mteja awe amesimama ana haraka, ulikuwa unamwambia, "Bado hatujapima," na anasubiri.

Na kile kigoda. Nilikuwa na mimba ya Lusekelo, tumbo limekuwa kubwa, kuinama jikoni imekuwa adhabu. Siku moja nikasikia kikohozi chako kwenye kona ya jikoni, nikajificha. Ulipopita nikatoka nikakuta kigoda kimewekwa njiani, kirefu kidogo kuliko vigoda vya wengine, kimepigwa randa mpaka kinateleza. Hukusema ni cha nani. Nikakikalia. Kilinienea kama vile ulinipima, na hukuwahi kunitazama. Nililia kidogo, nikasema ni moshi.

Sasa nifike kwenye lile jambo, maana naona nazunguka.

Kule shimoni ndiko walikokuwa wale inzi weusi wadogo, usubi, kwenye maji yanayokimbia juu ya mawe. Miaka yote mlikuwa mnaumwa nao mchana kutwa na mnacheka. Tulizoea. Tulizoea ngozi za miguu kuwa na mabaka kama za kenge, tulizoea wazee wa kandokando ya mto kuongozwa kwa fimbo. Sisi tulidhani ndivyo uzee wa kwetu ulivyo, kwamba wengine wanazeeka magoti na sisi tunazeeka macho.

Halafu watu wa afya wakaja, wakasema hapana, ni minyoo. Inzi anakuuma, anakuachia minyoo, minyoo inazaa, watoto wake wanatembea chini ya ngozi mpaka wanafika jichoni. Kuna vidonge. Vinawaua wale watoto, wale wakubwa vinawapumzisha kuzaa, kwa hiyo ni lazima kumeza kila mwaka, miaka mingi, bila kuchoka. Na kijiji kichague chenyewe mtu wa kugawa.

Walinichagua mimi. Mikono yote ilinyanyuka, nasema yote, hata ya wale tuliokuwa tumegombana kisimani. Tulichaguliwa wawili, ila mwenzangu aliposikia kazi ni ya kujitolea, wiki iliyofuata alikuwa Tunduma. Nikabaki peke yangu na daftari, kopo la vidonge, na fimbo ya mwanzi iliyopakwa rangi nne.

Kwenye semina walitufundisha sheria mbili. Ya kwanza, pima. Mtu asimame kwenye fimbo, rangi atakayofika ndiyo inasema vidonge vingapi. Ya pili, ameze mbele yako, umwone kwa macho yako mwenyewe, kisha ndiyo uandike. Nilizipigia mstari chini. Na palepale nilijua kuna mtu mmoja ambaye sheria zote mbili zitanishinda kwake, na mtu huyo anaishi hatua thelathini kutoka jikoni kwangu.

Mwaka wa kwanza tulipimia kwenye baraza la shule. Ilikuwa kama sherehe. Mzee mmoja mfupi alikuja na viatu vya kisigino, nilipomwambia avue akasema, "Niongezee tu mama, mimi nikiwa nyumbani kwangu ni mrefu." Wote walikuja isipokuwa wewe. Ungekujaje, na mgawaji ni mkwe wako? Nikakutengea vidonge vinne, vya rangi ya juu kabisa. Sikuwa na shaka. Nikajiambia baba mkwe ni mrefu, ni mrefu kuliko wanaume wote wa kijiji hiki. Nikampa Ambakisye akuletee.

Aliporudi nikamuuliza, "Amemeza?"

Akasema, "Amepokea."

"Nimekuuliza amemeza?"

"Mama Luse, nimekuambia amepokea. Unataka nikamfungue baba mdomo?"

Nikachukua kalamu. Mbele ya jina lako nikaandika: amemeza.

Mwaka ule watu wengi waliwashwa na kuvimba nyuso, maana minyoo ilikuwa inawafia mwilini, na wakanijia juu wakisema nimewapa ugonjwa. Wewe hukuvimba. Hukuwashwa zaidi ya siku zote. Nilipaswa kujiuliza. Badala yake nilikwenda nikijisifu kisimani, nasema baba mkwe wangu damu yake ni nzito.

Mwaka wa pili hivyo hivyo. Mwaka wa tatu hivyo hivyo. Amepokea, amemeza.

Na mwaka huo wa tatu tukaitwa Itumba, wagawa dawa wote. Wakasoma majina ya wale ambao madaftari yao hayakuwa na pengo hata moja. Nikasimamishwa, mwanamke wa darasa la saba mbele ya watu wenye tai, nikapigiwa makofi, nikapewa fulana na begi la mgongoni. Fulana ile niliivaa mpaka kanisani. Ulinisikia siku ile nilivyorudi naimba? Najua ulisikia, kwa sababu ulimwambia Ambakisye, "Leo kuna mtu amefurahi," na akaniletea neno hilo kama zawadi.

Wakati huohuo kikohozi chako kilikuwa kinabadilika. Zamani ulikuwa unakohoa ukituona. Sasa ukawa unakohoa kila kona, kila mti, hata njia ikiwa tupu, kwa sababu hukuwa unajua tena kama tupo au hatupo. Nilikuwa nakusikia kutoka jikoni. Kho. Hatua tano. Kho. Nikasema moyoni, uzee.

Mwaka wa nne kabla ya kugawa, mliezua nyasi za nyumba yako ili muweke bati. Mimi nilikuwa napika ugali wa mafundi. Ambakisye akaja jikoni, mkononi ana kitambaa kidogo cha kaniki kilichofungwa mafundo matatu. Walikikuta kimechomekwa kwenye boriti. Akafungua fundo la kwanza, vidonge vinne. La pili, vinne. La tatu, vinne. Vilikuwa vimegeuka njano kwa moshi.

Akasema, "Baba hajameza hata kimoja." Halafu akasema maneno yako, maana alikuwa amekuuliza: "Anasema yeye hakupimwa. Anasema hivi vilipimiwa mtu mwingine, na yeye hawezi kula kipimo cha mtu mwingine, akaviweka mpaka mwenyewe aje avichukue."

Nikamwambia, kwa nini hakusema? Mwanao akanitazama kama mtu anayetazama mjinga. "Aseme nini? Aseme mkwe wake aje amsimamie ampime?"

Basi nikaelewa, Baba. Wewe ulinyamaza kwa kuniheshimu, na mimi nilinyamaza kwa kukuheshimu, na katikati ya heshima zetu mbili jicho lako la kushoto likazima.

Sikumaliza kupika. Nikachukua fimbo ya rangi, daftari na kikombe cha maji, nikavuka uwanja. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Ulikuwa umekaa kwenye benchi ukutani, umegeuzia uso joto. Ukasikia hatua, ukakohoa. Sikutoka njiani. Ukakohoa tena, kwa nguvu. Nikasimama. Magoti yangu, nakuambia ukweli, yalikuwa yanataka kuchuchumaa yenyewe.

Ukasema, "Nani huyo asiyesikia?"

Sikujibu, ningejibuje? Nikapiga fimbo chini mara moja, ile fimbo ya mwanzi, ikalia kama inavyolia mwanzi mtupu. Mafundi juu ya paa waliacha kugonga. Halafu ukavua kofia, ukaiweka kwenye benchi, ukasimama, ukanyoosha mgongo na kugeukia ukuta, visigino pamoja, kama gogo linalosubiri uzi.

Nikaweka fimbo mgongoni mwako bila kukugusa. Nikatazama, nikatazama tena. Ulikuwa rangi ya tatu. Hukufika ya nne, hukuikaribia. Hukuwa mtu mrefu, Baba! Miaka yote nilikuona nikiwa nimechuchumaa.

Na hata vile vidonge, ulikuwa umesema kweli. Vilipimiwa mtu mwingine.

Nikaweka vitatu kwenye benchi, na kikombe pembeni yake. Ukavipapasa, ukavihesabu kwa kidole. Ulipogeuka kumeza ndipo nilipokuona. Sheria ilisema nione, nami niliona. Una nyusi za Lusekelo, zile zilizokutana katikati. Una kovu kidevuni ambalo hakuna aliyewahi kuniambia habari zake. Jicho la kushoto lilikuwa jeupe kama maziwa yaliyoganda. La kulia lilikuwa na ukungu kidogo pembeni, na bado lilikuwa linatafuta mwanga. Shingo yako ikapanda ikashuka. Ukasema, huku umetazama pengine, "Imekwenda."

Nikaandika amemeza. Ndilo neno baya kuliko yote kwa mwandiko katika daftari lile.

Wiki iliyofuata ulivimba uso, ukawashwa mpaka ukaomba gunzi, na mimi nilifurahi kama mwendawazimu.

Subilaga alikuja juu, unakumbuka. Alisimama uwanjani na mikono kiunoni: "Mkwe gani wewe unampima baba yetu kama mbao? Kesho utampima sanda!" Akaita ukoo, wakakaa, wakataka nitoe kuku wa kuosha aibu. Wanaume walizungumza, wanawake wakazungumza, mimi nimejifunika kanga nyuma ya ukuta. Mwisho ukaomba kusema. Ukauliza, "Kuna aliyeona amenigusa?" Wakasema hapana. "Kuna aliyesikia akinisemesha?" Hapana. Ukasema, "Basi kilichonipima ni mwanzi. Mkitaka kuku, mwanzi uko pale, uombeni." Watu walicheka mpaka Subilaga mwenyewe akageuka pembeni. Huko nyuma ya ukuta nilijiziba mdomo kwa kanga.

La kushoto halikurudi. Dawa hairudishi kilichokwenda, walishatuambia. Lakini la kulia lilibaki nawe mpaka siku ya mwisho. Kwa jicho hilo ulimwona Lusekelo anamaliza shule. Kwa jicho hilo ulizikagua kingo za bati jipya ukasema fundi amezikata vibaya. Na kila mwaka nilipoanza kugawa, nilikukuta umeshasimama ukutani, kofia benchini, unanisubiri. Hatukusema neno. Sijawahi kuwa na mazungumzo mazuri na mtu kuliko yale.

Sasa nikuambie ambalo sikumwambia hata Ambakisye.

Ningeweza kumwomba mtu wa zahanati aje akupime. Yeye si mkwe wako. Ni mwendo wa asubuhi moja tu, na nilijua hivyo tangu mwaka wa kwanza. Sikumwita, Baba, kwa sababu angeona daftari langu, angejua kwamba nyumba ya mgawa dawa mwenyewe ina mtu ambaye hakumeza. Nilitaka daftari lisiwe na pengo. Nilitaka ile fulana kabla sijajua kama ipo. Watu wanasema ni mila ndiyo iliyokupofusha jicho, na Neema naye alisema hivyo nilipomhadithia. Nimemwacha aseme. Lakini wewe nakuambia: mila ilichukua sehemu yake, na sehemu kubwa nilichukua mimi. Wewe ulikataa kumeza kipimo kisicho chako, na mimi nikaandika kwamba umemeza. Kati yetu wawili mwenye darasa la saba nilikuwa mimi.

Hukuwahi kujua nilichoandika. Au ulijua? Ulikuwa mtu wa kujua mambo ukayachomeka kwenye boriti. Kama ulijua na bado ukanitetea siku ile mbele ya ukoo, basi ndaga, Baba. Sina neno lingine la kushukuru kuliko hilo letu la nyumbani. Nisamehe. Naliandika peke yake ili ulione vizuri.

Nisamehe.

Kesho naanza kugawa tena. Nyumba ya kwanza ni yangu. Ambakisye nimemwambia kwamba kuhusu Neema akohoe anavyotaka, aruke kwenye maharage anavyotaka, lakini siku ya dawa atapimwa na yeyote mwenye fimbo, na atameza mbele ya macho yake, awe mkwe au nani. Alinung'unika, halafu akasema sawa. Neema nataka nimfundishe kazi hii, ana akili nyepesi na mkono msafi.

Yeye mwenyewe mwaka huu hapewi. Ana mimba ya miezi mitano, Baba, kitukuu chako, na mwenye mimba hapewi mpaka ajifungue. Leo alikuwa amekaa karibu yangu nikipanga majina, akachungulia, akasema, "Mama, si litaonekana pengo kwenye nyumba yako?" Nikamwambia lionekane.

Lala vizuri hapo kilimani, Baba mkwe wangu. Nakuahidi mbele ya Mungu, maadam mkono huu unashika kalamu, sitaandika tena kwamba mtu amemeza kama sikuona shingo yake ikipanda na kushuka. Daftari hili lina safu mbili, na ile ya pili ilikuwepo tangu mwaka wa kwanza. Sasa hivi nimeandika jina la Neema, nikavuka safu ya kwanza nikaiacha tupu, nikaandika kwenye ya pili: hakumeza.

Ni mimi, mkweo,

Mama Lusekelo